Hasi Tisini na Tano

Kadi thelathini na mbili nilizomuuzia Lindsay Noske nilizipata kwenye mnada wa ofisi ya bima iliyofungwa kule Port Pirie, ndani ya sanduku lililoandikwa tu "mengineyo". Mimi nilikuwa nimefuata viti. Dalali akakataa kutenganisha viti na sanduku, nikabeba vyote, na sanduku likakaa miezi minne chini ya meza ya vikombe kwenye duka langu la vitu vya mitumba hapa Carrow. Siku moja Lindsay akaingia kutafuta bomba la mashine ya kufulia. Akainama, akafunua sanduku, akatulia tuli. Mnunuzi akitulia namna hiyo, bei hupanda yenyewe. Nikamtajia. Hakuomba nipunguze hata senti, na hapo hapo nikajua kwamba huyu si mtu wa kufika mbali.

"Unajua hivi ni vitu gani, Voula?" akaniuliza, pesa keshaweka mezani.

"Vitu vyako," nikamjibu.

Zilikuwa kadi za mtandao usiotumia waya, zile za kuchomekwa ndani ya kompyuta. Huo ulikuwa mwaka 2004, na laini za simu za mashambani zilikuwa za tangu enzi za babu. Ukitaka kuona ramani ya mvua kwenye kompyuta, unaweka birika jikoni, unakunywa chai, unarudi, picha bado haijamaliza kushuka.

Lindsay alikuwa amefanya kazi ya reli miaka ishirini na sita, fundi wa simu na wa taa za kuongozea treni. Karakana ilipofungwa wenzake walihamia Adelaide na Whyalla. Yeye alibaki kwa sababu nyumba aliyoachiwa na mama yake haikupata mnunuzi. Niliwahi kwenda kuikagua mwenyewe, nisingeichukua hata kwa kubadilishana na friji. Mkewe, Raelene, alivumilia miaka miwili, kisha akaenda kukaa na dada yake Gawler na hakurudi. Hawakugombana. Alimwachia mbwa na kabati la vyombo.

Mtu wa hivyo lazima apate kitu cha kufanya, la sivyo anamalizwa na pombe. Lindsay alipata kadi zangu. Alipanda juu ya silo la ngano, lile ghala lililosimama kama mnara, ndilo jengo refu kuliko yote katika nchi hii tambarare, akafunga antena. Ruhusa aliomba kwa meneja wa silo wa wakati ule, mzee aliyekuwa karibu kustaafu. Wakapeana mikono na katoni moja ya bia, yakaisha. Kwetu mambo ndivyo yanavyokwenda. Ukimwambia mtu wa Carrow muandikiane, anadhani unamwita mwizi.

Baada ya mwaka mashamba kumi na moja yalikuwa yameunganishwa. Kila nyumba ilikuwa na kompyuta kuukuu, kadi moja ya kwangu, na antena ambayo Lindsay aliilehemu kwa mkono wake. Wakaunda chama, Heather Pfitzner akawa mwenyekiti, na watu wakawa wanaangalia bei ya sufu wakiwa na nguo za kulalia. Merv Liebich, aliyekaa mbali kuliko wote, kilomita kumi na nane, akawa anamwona mjukuu wake wa Perth kila Jumapili kwenye kioo. Merv hakuwa mtu wa kusifu kitu. Aliniambia, "Inafanya kazi," nami nikaelewa kwamba amefurahi sana.

Sasa hapa lazima nieleze jambo, ingawa mimi mwenyewe nililielewa baada ya maji kumwagika. Kadi peke yake ni bati na vidude. Kinachoiendesha ni programu ndogo, wao huiita kiendeshi, na hiki cha Lindsay kiliandikwa bure na watu waliotawanyika duniani ambao hakuwahi kuonana nao. Aliwataja kwa majina ya kwanza kama mabinamu. Kila saa, kompyuta ya silo ilikuwa inaandika namba mbili kwa kila shamba: sauti ya shamba hilo inasikika kwa nguvu gani, na kelele ya hewani ni kiasi gani. Namba zote ni hasi. Ikikaribia sifuri maana yake kuna sauti kubwa. Lindsay alizichapa na kuzibandika ukutani jikoni, ukuta mzima, mpaka nyuma ya mlango. Namba ya sauti ilitofautiana shamba kwa shamba. Namba ya kelele ilikuwa moja tu, kwa wote, mchana, usiku, masika, kiangazi: hasi tisini na tano.

"Angalia," alikuwa ananiambia. "Hasi tisini na tano. Huko Adelaide wangelia machozi kuipata. Hewa ya Carrow ni safi kuliko maji ya tangi lako, Voula."

Alijivunia kimya hicho kana kwamba alikifagia mwenyewe.

Novemba ya mwaka 2005, mavuno yalipoanza, mashamba yakaanza kukatika. Yale ya karibu yalichechemea. Yale manne ya mbali yalikuwa yanapatikana alfajiri kidogo, kisha basi. Namba za sauti zilishuka zote kumi na moja, tena ndani ya wiki moja. Mimi nauza vikombe, lakini hata mimi ningeweza kuuliza kwa nini zote kwa pamoja. Sikuuliza, kwa sababu Lindsay alikuwa ananunua nyaya dukani kwangu.

Watu walisema ni vumbi. Mavuno yana vumbi, wakasema, na joto, hewa inachemka. Lindsay akabadilisha antena ya silo. Akabadilisha waya. Kisha akaanza kuzunguka shamba kwa shamba: hapa anainua mlingoti, pale anatoa kiota cha ndege, kwingine anakausha kiungo kilichoingia maji. Kila alipotoka, mwenye nyumba alikuwa na mlingoti mrefu zaidi na mtandao ule ule mbovu. Mavuno yakaisha, vumbi likatulia, namba hazikupanda.

Ndipo akafika kwa Merv, Februari, mimi nikiwa naye kwa sababu Merv alikuwa na jiko la kuni la kuuza. Kati ya nyumba ya Merv na silo kulikuwa na mti mmoja mkubwa, mpilipili wa kivuli, si ule wa pilipili za kula, wa aina ile inayoinamisha matawi mpaka chini. Mkewe, Audrey, aliupanda wiki waliyohamia. Audrey alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na meza yake ya chai bado ilikuwa pale kivulini.

Lindsay alisimama na kompyuta yake mkononi, anauangalia mti. Merv alimwona anavyouangalia.

"Hapana," Merv akasema.

"Sijasema kitu, Merv."

"Na usiseme. Mwaka juzi mti ulikuwapo, na mtandao ulikuwapo."

"Mti unakua."

"Una miaka arobaini na moja! Unakua kwa kasi gani, bwana, unafukuzwa na nani?"

"Merv, nisikilize. Kelele hakuna. Hii hapa, hasi tisini na tano, haijatikisika hata mara moja tangu tuanze. Kama kelele hakuna na sauti imeshuka, basi kuna kitu kimesimama katikati. Namba hazina upande. Hazinijui mimi, hazikujui wewe."

Merv akageuka, akanipeleka kwenye jiko. Aliniuzia jiko bila kubishana, jambo lililonishangaza, maana Merv huwa anabishana mpaka juu ya uzito wa masizi yaliyomo ndani. Jumapili tatu zilipita bila kumwona mjukuu. Wiki ya nne akaukata mwenyewe, kwa msumeno wake, hakutaka mtu aje kusaidia.

Namba ya Merv ilipanda kwa moja. Kesho yake ikashuka kwa mbili.

Hayo nayasema haraka, lakini wakati ule yalichukua miezi, na Lindsay alikonda. Alikula sandwichi za soseji baridi na mchuzi wa nyanya, amesimama mbele ya ukuta wake. Mwezi wa saba Heather akatangaza kwamba serikali inatoa ruzuku kwa wenye mashamba wafunge madishi ya mtandao wa setilaiti, na ili kuipata lazima waombe kwa pamoja. Mkutano ukapangwa Alhamisi ya mwisho ya Agosti: chama kiendelee na mtandao wa Lindsay, au kivunjwe watu wachukue madishi. Lindsay alikuwa na wiki sita kuonyesha kwamba mtandao unaweza kupona. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, na sioni kitu kingine alichokuwa nacho.

Siku nne baadaye akaja dukani, asubuhi, na karatasi moja. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa kinauzwa.

"Soma mstari huu," akasema.

"Mimi sisomi mambo yenu hayo."

"Soma namba tu."

Nikavaa miwani. "Hasi tisini na tano."

"Sasa soma maneno ya pembeni, ameandika kwa lugha ya watu."

Pembeni palikuwa na maneno machache. *Kwa sasa tu. Itarekebishwa.*

"Sawa. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuna aliyepima, Voula. Nimekwenda ndani ya kiendeshi chenyewe, mstari kwa mstari. Kadi haijawahi kuulizwa kelele ni kiasi gani. Kuna mtu alihitaji namba, akaandika hiyo ili aendelee na kazi yake. Sikuwa nasoma hewa. Nilikuwa nasoma hili neno moja, kila saa, karibu miaka miwili."

Nilimwambia makosa hutokea, arekebishe aendelee. Akatikisa kichwa.

"Hujaelewa ubaya wake. Umewahi kupima nguzo iliyosimama bwawani?"

"Kwa nini nipime nguzo bwawani?"

"Umepima kuanzia usoni pa maji hadi juu. Mita mbili. Maji yakipanda mita moja, ukipima tena utaandika nini?"

"Mita moja."

"Utaandika kwamba nguzo imefupika. Kadi inapima hivyo hivyo, inapima sauti imepanda kiasi gani juu ya kelele. Kelele ikipanda, inaonekana kama sauti imeshuka. Sauti za mashamba hazikushuka hata moja. Maji ndiyo yalipanda, na mimi nimezunguka wilaya nzima narefusha nguzo."

Akachukua karatasi yake. Mimi nilijua anawaza nini, na yeye alijua kwamba najua, na hakuna aliyetaja mti.

Wiki tatu zilizofuata alifundisha kadi kupima kelele. Nilivyoelewa, kila nusu dakika kadi ilitakiwa inyamaze, isimsikilize yeyote, itege sikio kwenye hewa tupu na kuandika inachokipata. Kuielezea ni rahisi, lakini watengenezaji wa kadi walikuwa wamefungia sehemu hiyo ili mtu asiguse, na Lindsay aliifungua kwa kujaribu, kama mtu anayebahatisha namba za kufungulia kasha la chuma ambalo mwenyewe alikufa nazo. Mara kumi kwa siku kompyuta iliganda. Alipomaliza, akaipeleka kazi ile kwa mabinamu zake wa mbali ili iingizwe kwenye kiendeshi cha wote. Kisha akaweka toleo jipya kwenye kompyuta ya silo, na namba ya kwanza ya kweli ikatoka: hasi sabini na mbili.

"Ni mbaya?" nikamuuliza.

"Ni kama mtu anapiga ngoma ndani ya sikio lako."

Tukaingia kwenye pikapu yangu saa nne asubuhi, mimi naendesha, yeye ana kompyuta mapajani na antena aliyoitengeneza kwa kopo anaielekeza dirishani. Tulianzia viwanja vya mpira.

"Themanini na nane. Endelea. Themanini na tano. Pinda kushoto."

"Kushoto ni silo."

"Najua kushoto ni nini. Sabini na sita. Polepole, mama, hujaiba kitu. Sabini. Sitini na nne. Simama."

Tulikuwa kwenye mizani ya malori, hatua mia moja kutoka chini ya antena yetu. Juu ya mlingoti wa mizani kulikuwa na kamera, na ubavuni mwake kisanduku cha kijivu, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye pembe fupi. Kinatuma picha ya malori mpaka kwenye televisheni ya ofisini, bila waya, bila kupumzika hata nukta moja. Kilifungwa wiki ile mavuno yalipoanza. Nilikuwa nimepita chini yake labda mara mia tatu.

Lindsay hakushangilia. Alikitazama tu, kisha akasema, "Mita sitini za waya zingemaliza maneno."

Meneja wa silo alikuwa Gavin Trezise, aliyekuja na mavuno hayo hayo, mtu mwema asiyependa kusumbuliwa. Alitupa chai. Alisikiliza yote.

"Lakini Linz, masafa haya ya hewani ni ya wote, siyo? Kama ninyi mna haki, na kamera ina haki."

"Sijasema haina haki," Lindsay akasema. "Nimesema inapiga kelele."

"Ng'ombe wako nao wanapiga kelele."

"Sina ng'ombe."

"Basi wa Kym, yule wa kaskazini."

Hapo nikaingia mimi, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Nilikuwa na kamera ya waya dukani, nzima, na waya wa kutosha. Nikamwambia Gavin: nakuletea kamera bora kuliko hiyo, Lindsay anaifunga bure, picha haitatetemeka tena lori likipita, wewe hutoi hata senti. Ile ya zamani naichukua mimi. Gavin akajikuna shingo, nikaona ameshakubali.

"Ngoja tu niwaulize Adelaide," akasema. "Kamera si yangu, ni ya kampuni."

Lindsay akanigeukia haraka. "Asiulize," akaninong'oneza. "Voula, mwambie aiache. Tutaifunga Jumamosi, nani atajua?"

Mimi nimenunua na kuuza tangu nina miaka kumi na tano, na kila nilipodhulumiwa ilikuwa kwa sababu ya maneno matupu. Nikasema, "Muulize, Gavin. Waandike kabisa, ili kesho kutwa akija meneja mwingine tusianze upya."

Barua ilikuja baada ya siku tisa. Gavin aliileta dukani mwenyewe, hakukaa. Ilisema kamera ya mizani itabaki kama ilivyo. Pia ilisema kwamba, kutokana na maelezo yaliyopokelewa, kampuni imegundua kuna kifaa kisicho chake juu ya silo lake, kisicho na mkataba wala bima, nacho kiondolewe ndani ya siku kumi na nne.

"Samahani, Voula," Gavin akasema. "Walikuwa hawajui kama kipo."

Nilimpelekea Lindsay ile barua mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akanirudishia. Hakunilaumu. Ningependelea anilaumu, tungegombana, ningejitetea.

Ilikuwa imebaki wiki moja kabla ya mkutano. Mahali pekee palipobaki pa kufunga antena ni kilima cha tangi la maji, nyuma ya makaburi. Hakina umeme, lakini kinaona mashamba yote isipokuwa mawili. Lindsay alichora mlingoti, betri, paneli ya jua. Nikamwambia kazi yake Alhamisi ni moja.

"Uza kilima," nikasema. "Usieleze kiendeshi. Usieleze nguzo ya bwawani. Na habari ya mti usiitaje kabisa. Mtu anayenunua gari hataki kujua uliligonga wapi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sema."

"Nauza kilima."

Siku ya mkutano wanachama kumi tulikuja ukumbini, na birika kubwa la umeme lilikuwa linatokota kwenye kona. Heather aliweka keki za nazi. Merv alikaa mwisho, kofia gotini. Lindsay alianza vizuri. Alionyesha mchoro. Alisema kelele imepatikana ilipo, imepimwa, na kilimani iko chini sana. Alikuwa amepanda na kompyuta akapima: hasi tisini na tatu.

Kym Schirmer, aliyekuwa na shamba la kaskazini na mdomo usio na mlango, akainua mkono. "Ngoja, mzee. Ukuta wako ulikuwa unasema tisini na tano. Sasa tisini na tatu. Tumekuwa wabaya zaidi?"

Watu wakacheka.

"Ile ya tisini na tano haikuwa imepimwa," Lindsay akasema.

Nilimkazia macho. Hakuniangalia.

"Haikuwa imepimwa na nani?"

"Na yeyote. Iliandikwa tu."

"Kwa hiyo miaka miwili unatusomea namba aliyoiandika kijana fulani wa ng'ambo ili awahi chakula cha mchana?"

Wakacheka tena, lakini kidogo. Heather akagonga meza kwa kijiko. "Lindsay, hii mpya je? Kaipima nani?"

"Mimi."

"Na tutajuaje kwamba hii ni ya kweli?"

Alifungua mdomo. Najua jibu alilokuwa nalo, lilikuwa la kurasa kumi na nne, nililiona mezani kwake. Alitazama watu mmoja mmoja, akaona kwamba hakuna kati yao atakayelifuata hata kwa kurasa mbili. Aliwahi kuwaomba waamini namba, wakaamini.

"Hamwezi kujua," akasema. "Ni mimi tu ninawaambia."

Merv akasimama. Hakupaza sauti. "Lindsay. Mti wangu ulikuwa unazuia, au haukuwa unazuia?"

Pale pale angeweza kusema kidogo. Namba ilipanda kwa moja. Huo ni ukweli, una karatasi. Mimi ningesema, *ulizuia kidogo, Merv*, na nisingekuwa nimedanganya.

"Haukuwa na kosa lolote," Lindsay akasema. "Kosa lilikuwa langu. Sikuuliza namba ilitoka wapi."

Merv akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kondoo. Alichukua kikombe chake, akakiosha kwenye sinki la ukumbi, akakifuta, akakiweka pamoja na vingine, akatoka. Tulisikia pikapu yake ikiwaka.

Heather akapigisha kura. Wa kilima walikuwa wawili, mwanamke mmoja wa shamba la karibu ambaye mtandao wake haukuwahi kukatika, na mimi, ambaye nilikuwa mwanachama kwa ajili ya duka. Wa madishi saba. Lindsay mwenyewe hakuwa mwanachama. Alikuwa fundi tu, na jambo hilo hatukuwahi kuliwaza mpaka dakika ile mikono ilipoinuliwa.

Wiki ile ile alipata majibu ya mabinamu zake. Barua ilikuwa fupi na ya heshima. Walimshukuru. Walisema kazi yake inafaa aina moja tu ya kadi, na kwamba kuna programu nyingi za watu ambazo zimezoea kuikuta namba ya kelele haibadiliki. Ikianza kubadilika zitaharibika. Aigawe vipande vidogo aitume upya. Aliigawa, akaituma. Akaigawa tena. Mara ya nne hakujibiwa, na sidhani kama kuna aliyemkataa. Nadhani walikuwa na kazi zao.

Antena ya silo aliishusha mwenyewe siku ya kumi na tatu, Gavin amemshikia kamba.

Madishi yalifungwa Oktoba. Kampuni iliyopewa kazi ilimtuma mtu mmoja, Darko, wa makamo, mnene, na alihitaji mwenyeji anayejua mapaa yapi yana mbao nzima. Heather alimpa jina la Lindsay, maana hakuna mwingine. Nilidhani atakataa. Alikwenda na ngazi yake.

Nilikuwa kwa Kym siku ile nikichukua trela bovu, kwa hiyo niliwaona juu ya paa. Darko alikuwa na kifaa kidogo cha mkononi chenye taa tatu. Lindsay alilizungusha dishi polepole, unywele kwa unywele, mpaka Darko akasema, "Hapo hapo. Kijani."

"Kijani ya namba ngapi?" Lindsay akauliza.

"Kijani ni kijani, mzee. Nyekundu mbaya, njano jaribu tena, kijani twende zetu."

"Na kelele?"

"Kelele gani?"

Lindsay alikaa na spana mkononi. Chini, mke wa Kym alikuwa ameshatoka mlangoni, mkono juu ya macho, anauliza kama tayari, wanawe wanataka kujaribu.

"Tayari," Lindsay akamwambia.

Akakaza nati, akashuka, akamshikia Darko ngazi.